Akiba ya Kompyuta Visiwani: Usimamizi Uwe Mmoja, Nakala Ziwe Mbalimbali



Maji ya chemchemi za Bububu yamekuwa yakipelekwa Mjini kwa mabomba tangu enzi za Sultani Barghash, aliyetawala kuanzia mwaka 1870 hadi 1888. Hata hivyo nyumba za Mji Mkongwe hazikuacha kuwa na visima uani na mitungi ya maji ndani, na wakazi wake hawakuwa wajinga kwa kufanya hivyo. Mwezi Mei mwaka 2008, umeme unaotoka Bara ulipokatika na Unguja ikakaa gizani kwa muda wa karibu mwezi mzima, pampu za maji zilisimama, na kisima cha uani kikawa mali. Balaa hilo lilirudi kwa ukali zaidi mwezi Disemba mwaka 2009, na halikwisha mpaka Machi 2010.

Mazungumzo haya hayahusu maji. Yanahusu kumbukumbu za wananchi zilizomo ndani ya kompyuta, nakala za akiba za kumbukumbu hizo, na namna ya kuzisimamia kutoka mahali pamoja huku zenyewe zikiwa zimewekwa mahali pengi. Lakini aliyewahi kupanga foleni ya ndoo kisimani katika giza lile hatapata taabu kuielewa habari yenyewe.

Kwanza ielezwe kinachohatarishwa. Mzee wa Bububu aliyetimiza umri wa miaka 70 ana haki ya pensheni jamii, mpango ulioanza Zanzibar mwezi Aprili mwaka 2016. Mtoto anapozaliwa hana budi kusajiliwa na Wakala wa Usajili wa Matukio ya Kijamii, ulioundwa kwa sheria ya mwaka 2018. Mwaka uliofuata ilipitishwa sheria iliyounda chombo cha kusimamia serikali mtandao Zanzibar. Zamani jina la mtu liliandikwa kwa wino katika daftari. Daftari liliweza kuliwa na mchwa, lakini angalau lilionekana kwa macho, na karani aliweza kulifungua mbele ya mwenye shida. Siku hizi jina limo ndani ya diski ambayo mzee huyo hajapata kuiona wala hajui imewekwa jengo gani. Diski ikiharibika na nakala yake haipo, mzee atatakiwa athibitishe upya umri wake, na mashahidi wa kuzaliwa kwake karibu wote wameshatangulia mbele ya haki.

Thamani ya nakala inaonekana hata katika jina la Bububu lenyewe. Wengi husimulia kwamba jina hili lilitokana na mlio wa gari moshi lililoanza safari zake kati ya Mjini na Bububu mwaka 1905. Ni hadithi tamu, lakini haisimami. Jina la Bububu limo katika kumbukumbu za maisha ya Binti Salme, zilizochapishwa Berlin mwaka 1886, takriban miaka ishirini kabla ya reli hiyo kuwekwa. Kitabu kile kipo hadi leo kwa sababu kilipigwa chapa nakala nyingi zikatawanyika duniani. Beit al-Ajaib, jumba lililojengwa mwaka 1883, halikuwa na nakala. Sehemu yake ilipoporomoka tarehe 25 Disemba 2020, na watu wakapoteza maisha, hapakuwa na Beit al-Ajaib nyingine ya kufunguliwa kesho yake asubuhi.

Sasa, kompyuta pepe ni kitu gani? Ofisi nyingi zilizoea kununua kompyuta kubwa moja, yaani seva, kwa kila kazi: moja ya mishahara, nyingine ya usajili, nyingine ya barua. Nyingi ya mashine hizo zilikaa zikila umeme mchana na usiku huku kazi zinazofanya zikiwa kidogo. Wataalamu wakapata njia ya kuigawa mashine moja yenye nguvu iwe kompyuta kadhaa za ndani kwa ndani, kila moja ikijiona kwamba iko peke yake. Hizo ndizo zinazoitwa kompyuta pepe. Fikra yenyewe si mpya kama wauzaji wa mitambo wanavyopenda watu waamini. Kampuni ya IBM ilitangaza mfumo wake wa VM/370 mwaka 1972, na utafiti wake ulikuwa umeanza katika miaka ya 1960. Kilichokuja baadaye, hasa baada ya kampuni ya VMware kuanzishwa Marekani mwaka 1998, ni kuiwezesha fikra hiyo ifanye kazi katika mashine za bei ambayo hata ofisi za nchi zinazoendelea zinaweza kuimudu.

Kwa hakika kompyuta pepe ni mafaili machache tu yaliyokaa katika diski. Ndani ya mafaili hayo mna kila kitu: programu, mipangilio, majina ya watumishi, orodha za wananchi. Hapo ndipo penye neema na hapo hapo ndipo penye hatari. Neema ni kwamba ofisi nzima ya usajili inaweza kunakiliwa usiku, ikapelekwa Chake Chake, na ikawashwa huko katika mashine ya aina nyingine kabisa bila kuandikwa upya hata jina moja. Hatari ni kwamba anayeyafuta au kuyafunga mafaili hayo ameifunga ofisi yote kwa mkono mmoja. Mapema mwezi Februari mwaka 2023 wahalifu wa mitandao walishambulia katika nchi nyingi mashine zinazobeba kompyuta pepe, wakayafunga mafaili yake kwa maandishi ya siri na kudai fidia. Hawakuhangaika na kompyuta moja moja za makarani. Walikwenda moja kwa moja kwenye mzigo.

Je, nakala za akiba zisimamiweje pale ambapo taasisi ina ofisi Mjini, Mwera, Mkokotoni, Wete na Mkoani? Njia iliyozoeleka ni kumwachia kila mkuu wa ofisi ajipangie. Matokeo yake hujulikana. Ofisi moja hunakili kila usiku, nyingine kila mwisho wa mwezi karani anapokumbuka, na ya tatu ilikuwa na kijana hodari aliyeifanya kazi hiyo vizuri sana mpaka alipohamishwa. Diski ya akiba hukaa katika saraka ya meza ile ile iliyobeba kompyuta, hivi kwamba mwizi au moto hauhitaji safari mbili. Mbaya zaidi, hakuna mtu yeyote anayejua hali halisi ya ofisi zote kwa pamoja. Kazi ya kunakili inaweza kushindwa kimya kimya kwa wiki sita, na habari hiyo ikajulikana siku nakala inapohitajiwa.

Usimamizi wa pamoja unaondoa maradhi hayo. Kunakuwa na meza moja ya usimamizi, inayotoa ratiba kwa vituo vyote na kupokea taarifa za vyote. Kila asubuhi msimamizi anaona kituo gani kimekamilisha, kipi kimeshindwa na kwa nini. Mfumo haunakili kila kitu kila siku, bali sehemu zilizobadilika tu tangu jana. Kabla ya kuinakili orodha inayoandikwa muda wote, mfumo huitaka itulie kwa nukta chache, ili nakala isichukuliwe wakati jina limeandikwa nusu. Katika nchi yenye wataalamu wachache, watu watatu waliokaa pamoja na kufunzwa vizuri watafanya kazi kubwa kuliko watu ishirini waliotawanyika, kila mmoja akibahatisha kwa njia yake.

Hadi hapo hakuna ubishi. Ubishi unaanza pale ambapo viongozi wa ofisi husikia neno "pamoja" wakadhani maana yake ni kurundika kila kitu katika jengo moja. Kutoa amri kutoka mahali pamoja ni jambo moja, na kuweka akiba yote mahali pamoja ni jambo jingine kabisa. Mwezi Machi mwaka 2021 moto uliteketeza kituo cha kompyuta cha kampuni ya OVHcloud mjini Strasbourg, Ufaransa. Baadhi ya wateja walikuwa na nakala za akiba, lakini ziliwekwa katika eneo lile lile, zikaungua pamoja na asili yake. Na asidhani mtu kwamba haya ni makosa ya maskini au ya wasiojua. Korea Kusini ni miongoni mwa nchi zinazoongoza duniani kwa serikali mtandao. Tarehe 26 Septemba 2025 moto ulizuka katika kituo cha kompyuta za serikali mjini Daejeon, mifumo zaidi ya 640 ikasimama, na ghala la nyaraka za watumishi wa serikali lenye terabaiti 858 likateketea bila ya kuwa na nakala nje. Sababu iliyotolewa ilikuwa kwamba ghala hilo lilikuwa kubwa mno kunakiliwa. Hoja hiyo inafaa kuangaliwa kwa makini, maana kitu kinapokuwa kikubwa mno kuwekewa akiba, huwa pia ni kikubwa mno kupotea.

Kuna hatari ya pili ambayo hutajwa mara chache zaidi, nayo inatokana na usimamizi wa pamoja wenyewe. Meza moja ikiwa na ufunguo wa nakala zote, atakayeuiba ufunguo huo amezipata nakala zote. Kampuni moja iliyoitwa Code Spaces ilifungwa mwezi Juni mwaka 2014 kwa sababu hiyo. Mhalifu aliingia katika meza yake ya usimamizi, na kampuni ilipojaribu kumwondoa akaanza kufuta kazi za wateja pamoja na nakala zake. Ilichukua saa chache tu.

Kisa cha kampuni ya meli ya Maersk kinastahili kuelezwa kwa urefu, kwa kuwa kinaigusa Afrika. Tarehe 27 Juni 2017 programu haribifu iliyoitwa NotPetya, iliyoanzia Ukraine, iliingia katika mtandao wa kampuni hiyo ya Denmark na kuharibu maelfu ya kompyuta katika bandari na ofisi za dunia nzima. Maersk ilikuwa na kompyuta kama 150 zilizotunza orodha ya watumishi na ruhusa zao, na kila moja ilikuwa nakala ya nyenzake. Mpango huo ulionekana imara kabisa. Bandari moja ikipata hitilafu, nyingine 149 zinashika kazi. Hakuna aliyefikiria kwamba zote zinaweza kupigwa kwa pamoja, kupitia waya ule ule uliokuwa ukizinakilisha. Ndivyo ilivyotokea. Mafundi wakatafuta duniani kote kompyuta moja iliyosalimika, wakaipata Ghana. Umeme ulikuwa umekatika katika ofisi hiyo kabla ya shambulio, na kompyuta ikawa imezimika.

Hayakuishia hapo. Njia ya mawasiliano kutoka Ghana ilikuwa nyembamba mno kupitishia mzigo huo, ambao ungechukua siku kadhaa kufika Uingereza. Ikaamuliwa diski ichukuliwe kwa mkono, na kwa kuwa mtumishi wa Ghana hakuwa na viza ya Uingereza, alisafiri hadi Nigeria kuikabidhi kwa mwenzake, naye akaipandisha ndege kwenda London. Mwenyekiti wa kampuni alisema baadaye kwamba seva 4,000 na kompyuta 45,000 zilifungwa mifumo upya katika muda wa siku kumi. Utajiri wote ule uliokolewa na kukatika kwa umeme, jambo ambalo wananchi wa Unguja wamezoea kulilaani.

Bahati haiwezi kuwa mpango wa kazi. Kinachoweza kupangwa ni ile hali iliyoiokoa diski ya Ghana, yaani kuwapo kwa nakala moja ambayo haikuunganishwa na waya wowote wakati wa maafa. Wataalamu wanayo kanuni fupi iliyoenezwa na mpiga picha wa Marekani, Peter Krogh: kumbukumbu ziwe tatu, katika vyombo vya aina mbili, na moja iwe nje ya jengo. Wengine wameongeza kwamba moja isiweze kufutwa wala kubadilishwa kabla ya muda wake, hata na msimamizi mkuu mwenyewe. Nyongeza hiyo ni ya lazima. Tepu iliyotolewa mashinani ikafungiwa kabatini ni teknolojia ya kizee, lakini hakuna mwizi wa mtandaoni aliyewahi kuifikia.

Zanzibar ni visiwa, na jambo hilo linabadilisha hesabu. Uchukuliwe mfano wa taasisi yenye kompyuta pepe 40, kila moja ikiwa na gigabaiti 200. Jumla ni gigabaiti 8,000. Njia ya mawasiliano ya megabiti 100 kwa sekunde, ikiwa haina kazi nyingine yoyote, hupitisha gigabaiti 45 kwa saa. Nakala ya kwanza kutoka Unguja kwenda kituo cha mbali itachukua zaidi ya siku saba, usiku na mchana. Diski hiyo hiyo ikifungwa kwa maandishi ya siri, ikatiwa sandukuni na kukabidhiwa mtumishi anayepanda meli kwenda Mkoani, itafika siku hiyo hiyo. Baada ya hapo waya unatosha. Mabadiliko ya siku moja yakiwa asilimia 3, yaani gigabaiti 240, yatapita kwa saa tano na dakika ishirini, na kazi hiyo itakwisha kabla ya makarani kuingia ofisini.

Lakini hesabu hiyo isomwe na kutoka upande wa pili. Siku ya maafa, mzigo unaorudi ni ule wa gigabaiti 8,000. Taasisi yenye nakala Bara tu itawaambia wananchi wangoje wiki nzima na zaidi, endapo waya wenyewe ni mzima. Tarehe 12 Mei 2024 mikongo miwili ya chini ya bahari, EASSy na SEACOM, ilikatika kwa wakati mmoja, na Tanzania ilikuwa miongoni mwa nchi zilizoathirika sana kwa mawasiliano ya nje. Waliokuwa wameweka akiba yao yote katika makampuni ya ng'ambo walipata siku hiyo nafasi ya kutafakari. Kwa hiyo kila kituo hakina budi kiwe na nakala ya karibu, hata ya siku chache tu, na kiwe na mtu anayejua kuirejesha bila ya kungoja simu ya makao makuu. Maelekezo ya kazi hiyo yachapwe katika karatasi. Maelekezo yaliyohifadhiwa ndani ya kompyuta iliyokufa hayamsaidii mtu.

Katika suala la nakala ya mbali, Pemba inastahili kufikiriwa kuliko inavyofikiriwa. Umeme wa Unguja hutoka Bara kwa waya wa chini ya bahari unaotua Fumba. Waya wa kwanza uliwekwa mwaka 1980, na mwingine wenye uwezo wa megawati 100 ukaongezwa mwaka 2013. Pemba imeunganishwa na Tanga, kwa njia nyingine kabisa, tangu mwaka 2010. Hitilafu ya Fumba kama ile ya 2009 haiizimi Pemba. Basi nakala za Unguja zikae Pemba, za Pemba zikae Unguja, na nakala ya tatu ikae katika kituo cha Bara, kama kile cha Kijitonyama, Dar es Salaam. Ni kweli kwamba gridi ya Taifa ikizimika yote visiwa vyote viwili huguswa, na ndiyo sababu jenereta na mafuta ya siku kadhaa havina budi kuhesabiwa ndani ya gharama ya nakala. Watu wa fedha hupenda kulikata fungu hilo kwanza.

Yapo maswali mawili ambayo mafundi hawana haki ya kuyajibu peke yao. La kwanza ni kazi ya muda gani inaweza kupotea bila madhara makubwa. La pili ni muda gani wananchi wanaweza kungoja. Majibu hayawezi kuwa sawa kwa kila mfumo. Barua za ofisi zinaweza kungoja siku mbili. Orodha ya wagonjwa wa hospitali haiwezi kungoja hata saa moja. Orodha ya pensheni inaweza kungoja katikati ya mwezi, wala haiwezi siku ya malipo, wakati wazee wameshafika na kukaa kwenye mabenchi. Masheha, waganga na walimu wakuu wa skuli ndio wanaojua mambo hayo, na hao ndio ambao kwa kawaida hawaalikwi katika vikao vya kompyuta.

Pia ijulikane kwamba kurejesha kuna utaratibu. Ikiwashwa kwanza kompyuta ya malipo kabla ya ile inayotunza orodha ya watumishi na ruhusa zao, malipo yatakataa kila mtu. Na mafundi wasiridhike na ile picha ya papo hapo ambayo mfumo huipiga kabla ya marekebisho. Picha hiyo hukaa katika diski ile ile, na diski ikifa hufa nayo.

Lililobaki ni zoezi. Taarifa ya asubuhi ikisema nakala imekamilika, imesema tu kwamba kitu fulani kimeandikwa mahali fulani. Haijasema kwamba kinasomeka. Mara moja kila miezi mitatu, siku ya Jumamosi, msimamizi achague kompyuta pepe moja bila ya kutoa taarifa, waya wa kwenda Unguja uchomolewe, na watumishi wa Pemba waiwashe kutokana na nakala waliyonayo, wakifuata karatasi ya maelekezo peke yake. Saa ianze kuhesabiwa tangu simu inapopigwa. Mwenye kuhukumu kama zoezi limefaulu asiwe fundi. Awe karani wa usajili, aliyekuja na vyeti kumi vya karatasi mkononi, akae mbele ya kompyuta iliyorejeshwa na kutafuta majina hayo moja moja. Vyeti hivyo vitoke shehia mbalimbali, na kimoja kiwe cha mtoto aliyesajiliwa siku iliyotangulia.